Jumbe Kitandani, Mwali Begani

Serikali ya kijiji chetu ilianzia kwenye magogo mawili ya mnazi. Yalilazwa juu ya kijito kilichotutenga na upande wa mjini, nyuma ya Temeke, na kila mwenye baiskeli aliyajua. Ukitoka kwetu jioni kwenda mjini ulishuka pale ukawasha taa ya baiskeli, kwa sababu askari wa mjini hawakuwa na masihara na mtu anayeendesha gizani. Ukirudi ulishuka pale pale ukaipuliza. Kwetu hapakuwa na sheria ya taa, na mafuta yalikuwa ghali. Watu waliipuliza kwa mbwembwe, kisha wakapanda tena baiskeli zao na kwenda kugonga mbuzi wa jirani. Kesi ya mbuzi ilipelekwa kwa Jumbe, mkuu wa kijiji, ambaye naye baiskeli yake haikuwa na taa.

Tulikuwa na banda la makuti lililoitwa baraza. Tulikuwa na wazee waliokaa humo kusikiliza ugomvi wa mipaka ya minazi na wake waliorudi kwao. Tulikuwa na tarishi mmoja mwenye kofia nyekundu, soko dogo, na ruhusa ya kupiga ngoma siku tuliyoitaka mpaka tuchoke wenyewe. Na tulikuwa na Jumbe, mtu wa makamo, mnene, anayependa kanzu zilizopigwa pasi, mwenye kiti cha mikono kilichotengenezwa na seremala wa Keko na ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukikalia, hata kwa kukijaribu.

Mie nilikuwa nasoma chuo cha juu kule Uganda, na nilikuwa nimeambukizwa ugonjwa wa kuuliza. Niliporudi likizo, mwaka ule wa bei mbaya, nilikwenda kumwamkia Jumbe, na kabla kahawa haijapoa nikawa nimeshaanza.

"Jumbe, huu ujumbe ulipewa na nani?"

"Na marehemu baba."

"Na baba yako alipewa na nani?"

Akanywa kahawa yake. Wazee wawili waliokuwa karibu wakaangalia pembeni.

"Na Mdachi," akasema.

"Na Mdachi alipoondoka?"

"Mwingereza akaniambia niendelee."

"Basi hii serikali si yetu. Tumeazimwa."

Jumbe akaweka kikombe chini. "Na wewe hiyo elimu umepewa na nani? Si ya Mzungu? Haya, kairudishe, kisha njoo tuzungumze."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nilicheka nami, ingawa niliendelea kuamini kwamba nilikuwa na hoja. Hata leo naamini. Serikali ambayo mtu wa nje anaweza kuiambia iendelee, anaweza pia kuiambia isiendelee. Sikujua tu kwamba jambo hilo lingetokea kabla likizo yangu haijaisha.

Kilichotumaliza ni mbata. Kijiji kizima kiliishi kwa nazi zilizokaushwa, ambazo mnunuzi alikuja kuzichukua kwa lori na kuzipeleka zinakopelekwa, zikakamuliwa mafuta na watu ambao hatukuwajua. Kwanza mnunuzi alishusha bei. Halafu akawa anakuja kwa kuchelewa. Halafu lori likaacha kuja kabisa. Tuliambiwa kwamba dunia nzima mambo yameharibika, kwamba hata Ulaya kuna watu wanaopanga foleni kupewa supu. Jambo hilo liliwafurahisha baadhi ya watu wetu kidogo, na wengine waliuliza supu ya nini. Lakini nazi hazikujua habari za Ulaya. Ziliendelea kuanguka. Zilijaa uani, zilijaa njiani, watoto walizikalia shuleni badala ya viti.

Baraza letu liliishi kwa ushuru wa soko na sehemu ya kodi, na sasa sokoni kila mtu alikuwa anauza nazi na hakuna anayenunua. Tarishi alianza kulipwa mshahara kwa nazi. Alivumilia, kisha siku moja akaitundika ile kofia nyekundu kwenye msumari wa baraza na kwenda kutafuta kibarua bandarini. Majani yakaota barabarani. Wasioweza kulipa kodi walipelekwa kulima barabara kuu, na barabara yetu wenyewe ikawa haina wa kuilima. Mwishowe Bwana Shauri, yule ofisa wa Kizungu aliyesimamia wilaya, akamwita Jumbe na kumwambia kwa upole kabisa kwamba baraza lisiloweza kumlipa tarishi mmoja haliwezi kuendelea kuwa baraza. Kijiji kitawekwa chini ya mji. Yeye mwenyewe atakuja Jumatano ya wiki ile nyingine kulisema hilo mbele ya watu, na kuanzia hapo sheria zetu zitakuwa za mjini, taa za baiskeli, ngoma na vyote.

Watu walipokea habari hizo kila mmoja kwa namna yake. Wenye baiskeli waliomboleza. Wenye kesi barazani walifurahi, maana walitumaini kuzianza upya. Aliyeghadhibika kuliko wote alikuwa shangazi yangu.

Shangazi alikuwa mjane mwenye minazi mingi na binti mmoja, na binti huyo alikuwa mwali. Kwa desturi yetu Wazaramo, msichana akivunja ungo huwekwa ndani, haonekani na wanaume, hafanyi kazi ya jua, anafundwa na kungwi wake mpaka siku ya kutolewa. Siku hiyo hubebwa begani na kuchezwa ngoma, watu wote wakala kwa mama yake wakashiba. Binamu yangu alipoingizwa ndani, mbata zilikuwa na bei nzuri, na Shangazi aliapa mbele ya majirani kwamba wali wa siku ile utabaki mpaka mbwa waukatae. Bei zikaanguka. Akasema tusubiri msimu ujao. Msimu ujao ukawa mbaya zaidi. Wasichana walioingia ndani nyuma ya binamu yangu walikuwa wametoka kwa ngoma ndogo ndogo za aibu na wameshaolewa, yeye yumo tu. Na mchumba alikuwepo: yule yule seremala wa Keko aliyetengeneza kiti cha Jumbe. Kitanda cha harusi kilikuwa tayari karakanani kwake, kimefunikwa gunia, na kila akipita kijijini alituuliza kama tumesikia lolote kuhusu bei ya mbata. Sijapata kumwona seremala anayefuatilia bei ya mbata namna ile.

Sasa Shangazi aliposikia kwamba mjini ngoma hupigwa kwa kibali, kwenye kiwanja ulichoonyeshwa, na unanyamaza ukiambiwa unyamaze, alifunga kanga kiunoni.

"Mwanangu hatatoka kwa kibali cha mjini."

"Shangazi," nikasema, "mbona hata sasa unamwomba Jumbe ruhusa? Tofauti iko wapi?"

"Jumbe nikimwomba ananipa, kwa sababu anataka kula pilau. Huyo wa mjini anataka nini?"

"Basi mtoe kabla ya Jumatano," nikasema.

"Kwa chakula gani? Niwapikie nazi kwa nazi, waile na tui la nazi?" Akanigeukia. "Wewe uliyesoma, niambie. Dunia itapona lini?"

Nilimwambia kwamba hata wanaofundisha mambo hayo hawajui.

"Basi atazeekea humo humo," akasema Shangazi, na machozi yalikuwa karibu, kwa hiyo akaingia jikoni kwa kishindo na kuanza kuwagombeza kuku.

Jioni ile nilikaa ubarazani nimeegemea ukuta wa udongo, nikasikia mtu anagonga kwa ndani, chini kidogo ya sikio langu. Kumwona mwali ilikuwa marufuku. Kusikia ukuta unasema, sikuwa nimekatazwa na mtu. Zaidi ya hayo, mabinamu kwetu hutaniana, na huyu hakuwahi kuacha.

"Wewe msomi," ukuta ukasema. "Umemshinda mama yangu kwa hoja?"

"Amenishinda."

"Nilijua. Nimemsikia kuku akilia." Nilimwacha akiwa msichana mwembamba anayerukaruka. Sauti iliyotoka ukutani ilikuwa ya mtu mzima. "Hebu niambie, hiyo serikali inayokufa ni ile ya Jumbe?"

"Ndiyo hiyo."

"Yule aliyemkatia baba yako kesi ya mbuzi, akachukua paja?"

"Huyo huyo."

"Na mie ndiye niozee ndani kwa ajili yake?"

"Mama yako anasema ni heshima."

"Heshima anayo yeye, huko nje, na upepo juu. Mie humu nina joto na kungwi anayekoroma. Kaka, sikiliza. Nimeshafundwa kila kitu, sasa tunarudia. Jana kanifundisha tena namna ya kumkaribisha mgeni. Mgeni gani? Fanya kitu. Si unauliza maswali? Uliza hilo."

Nililala na swali hilo. Mimi ni mtu wa kuuliza, si mtu wa kutenda, na kama ingebaki kwangu binamu yangu angekuwa ndani mpaka leo. Lakini kijito kile kilikuwa na watu upande wa pili, na mmoja wao alikuwa mtani wetu.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu wakati wa misafara ya pembe na wapagazi, na mtani ana haki ambazo ndugu yako wa damu hana. Anaweza kuchukua kofia yako kichwani. Anaweza kukuita mtumwa wake na kukutukana mbele ya mkwe wako, nawe ukacheka. Na ukifa, msiba ni wake: anakuja kucheza na maiti yako, anaigiza ulivyokuwa ukitembea, anazuia maziko mpaka agombolewe kwa fedha au zawadi. Pamoja na hayo anachota maji, anapasua kuni, anapika, wafiwa wakae walie kwa nafasi. Mtani wetu mkubwa alikuwa Mnyamwezi mrefu, kuli wa bandarini, mwenye sauti iliyozoea kuita meli. Tarishi wetu wa zamani, ambaye sasa alikuwa kibarua pamoja naye, ndiye aliyempelekea habari.

Aliingia barazani Ijumaa baada ya swala, watu wamejaa, akasimama mlangoni na kushika kichwa.

"Mtumwa wangu amekufa na hamkuniambia!"

"Nani amekufa?" Jumbe akauliza kutoka kitini.

"Wewe!" akalia mtani. "Masikini mtumwa wangu! Angalieni tumbo lake, hata kufa hakulipunguzi!"

Baraza likalipuka. Jumbe alijaribu kukunja uso akashindwa.

"Sijafa, mtani. Naondolewa tu."

"Jumbe asiye na ujumbe ni nini? Ni maiti mwenye kanzu. Nimekuja kuzika." Akaketi sakafuni, akamvua Jumbe kiatu kimoja, akakiweka kwapani. "Matanga lini?"

"Jumatano," mtu mmoja akasema kwa mzaha. "Bwana Shauri ndiye anayekuja kumzika."

"Mzungu azike maiti yangu? Mie niko wapi?"

Shangazi alikuwa amesimama nje ya banda na wanawake wengine, amekuja na shauri lake ambalo hakupata nafasi ya kulisema. Mtani alimwona. Akamuuliza mbona amenuna kama aliyekula ndimu, na Shangazi, ambaye asingemweleza mwanaume mwingine yeyote, akamweleza: mwali ndani, Jumatano inakuja, chakula hakuna, na kwa kibali cha mjini hamtoi.

Mtani akauliza kwa sauti ya kawaida, ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia ikitoka kwake:

"Dada, kwenye ngoma ya mwali nani analisha watu?"

"Mwenye mwali."

"Na kwenye msiba?"

Nilikuwa pale, na nakiri kwamba chuo kizima hakikunisaidia kuliona lile kabla halijasemwa. Kwenye sherehe mwenyeji ndiye anayejitutumua. Wageni wanakuja na mikono mitupu na njaa. Kwenye msiba hakuna anayekuja mikono mitupu. Huyu ana pishi ya mchele, yule ana kuku, huyu kuni. Hata mwaka wa dhiki, hasa mwaka wa dhiki, hakuna anayethubutu kuonekana hakuleta. Na wapishi ni watani. Shangazi hakuweza kumudu sherehe, lakini msiba kijiji kizima kingeumudu.

"Mkosi huo," Shangazi akasema, ila sauti yake ilikuwa imelegea. "Msiba siku ya mwanangu?"

"Anayekufa ni huyu," mtani akasema, akimnyooshea Jumbe kiatu chake mwenyewe. "Mwanao anatoka tu, watu wakiwa wamekusanyika. Kuna ubaya?"

"Na mimi sijakubali kufa," Jumbe akasema.

"Maiti haulizwi."

Jumbe alibisha mpaka alasiri. Alisema ana hadhi yake. Alisema Bwana Shauri atamwonaje. Kilichomlegeza ni pale mtani alipoanza kueleza jinsi atakavyoombolezwa, nani atalia, nani atasifu kanzu zake. Jumbe akaacha kubisha, akatega sikio. Mwisho akauliza atalazwa kwenye kitanda gani, maana amesikia kuna kipya Keko, kizuri, cha mvule.

"Kitanda cha mwanangu?" Shangazi akaruka. "Thubutu!"

Akalazwa kwenye kitanda cha kamba.

Jumatano asubuhi nilisimama kwenye magogo nikitazama watu wanaoingia, na sijawahi kuona waombolezaji wenye furaha namna ile. Wanyamwezi walikuja na mchele na maharage. Makuli wenzao kutoka kusini, waliokuwa hawajui utani huu unahusu nini, walikuja na mihogo, wakaambiwa wakae. Seremala alikuja na kuku wawili na kanzu mpya, akijifanya amekuja kwa ajili ya Jumbe. Kila mtu alipita mlangoni kwa Shangazi, akashusha alichobeba, akasema pole kwa uso mkavu. Shangazi aliitikia "tumeshapoa" na kumsukuma ndani mwenye mchele.

Jumbe alilala katikati ya baraza, amefunikwa kanga mpaka kidevuni, miguu nje. Watani wanne walikaa pembe za kitanda wakimwigiza anavyokata kesi. "Mbuzi ni wako," mmoja akasema kwa sauti ya Jumbe, "paja ni langu." Kanga ilikuwa inatikisika.

Bwana Shauri aliacha gari lake ng'ambo ya kijito, akavuka magogo na karani wake na askari wawili. Alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka michache tu, na alisema Kiswahili cha kitabuni kilichokamilika, kila neno limekaa mahali pake. Alifika barazani, akakiona kiti kitupu, kisha kitanda.

"Mtu huyu anaumwa?"

"Amekufa, bwana mkubwa!" mtani akapiga kelele na kujitupa juu ya miguu ya Jumbe.

Jumbe akakohoa.

Bwana Shauri akainama. "Amekohoa."

"Maiti za Kizaramo ndivyo zilivyo," mtani akasema. "Wabishi."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa gumu siku ile; watu waliojaa uwanja mzima walikuwa wamebana midomo, wengine wametazama paa. Bwana Shauri aligeuka akitafuta mtu wa kumweleza, akaniona nimevaa suruali na viatu.

"Wewe umesoma. Jambo gani hili?"

Nilieleza. Nilisema hawa ni watani, kwamba kwao serikali ya kijiji hiki imefariki, na kwa desturi maziko hayawezi kwenda mbele mpaka watani wagombolewe. Nilijisikia nikieleza kwa sauti ya mhadhiri, mambo ambayo wiki moja kabla ningeyaita upuuzi, na nikashangaa jinsi yalivyosimama vizuri.

"Na wanataka nini?" akauliza. Ndilo swali ambalo hata mie ningeuliza.

Mtani akainuka. Hakutaka fedha. Alisema marehemu ameacha wosia: kuna mtoto ndani ya nyumba ile pale, na atoke leo kwa ruhusa ya marehemu mwenyewe, kabla marehemu hajazikwa. Basi. Wakimaliza, Mzungu na azike.

Bwana Shauri alitazama kitanda, akatazama nyumba ya Shangazi na moshi uliokuwa unapanda uani kwake, akayatazama masufuria. Kitu kilipita usoni mwake. Sikuweza kujua kama ni kicheko au vumbi. Akamwambia karani kwamba kuna daraja njia ya Mbagala ambalo alikuwa amekusudia kulikagua, na linaweza kukaguliwa sasa. Watarudi alasiri. Akamsalimu Jumbe kwa kugusa kofia, kama unavyomsalimu maiti, akaondoka.

Nimejiuliza mara nyingi kuhusu daraja lile. Njia ya Mbagala niliijua, na sikumbuki daraja. Lakini nimejizuia kwenda kuangalia kama daraja lipo.

"Ruhusa!" Jumbe akapaza sauti kutoka chini ya kanga, kabla hata askari hawajafika kijitoni. "Nimetoa ruhusa! Mtoeni!"

Ngoma zikaanza. Hazikuanza kidogo kidogo. Zilianza kama kitu kilichokuwa kimezuiwa kwa nguvu. Wanawake walitoka nyumbani kwa Shangazi wakiimba, na katikati yao, juu ya mabega ya mwanamke mwenye nguvu kuliko wote kijijini, alikuwepo binamu yangu. Alikuwa amepakwa mafuta, amevishwa kanga mpya na shanga, uso umeinamishwa kama alivyofundishwa. Jua lilimchoma macho. Alikuwa mweupe wa kukaa ndani, amenenepa, mzuri. Alipopita karibu nami aliinua kope kidogo tu, kinyume cha mafunzo yote ya kungwi, akasema bila kutikisa midomo:

"Wewe ndiye uliyenenepa."

Watu walimtuza. Mwaka ule hakukuwa na fedha, kwa hiyo walimtuza walichokuwa nacho: leso, shanga, na mtu mmoja nazi, akazomewa. Jumbe aliinuka kitandani na senti mkononi, akasukumwa chini na mtani. "Lala, wewe maiti!" Akairusha akiwa amelala, ikampiga mpiga ngoma. Shangazi alicheza peke yake mbele ya wote, kanga imefungwa kiunoni, akilia na kucheka kwa wakati mmoja, na wali ulibaki. Sijui kama mbwa waliukataa, lakini ulibaki.

Alasiri Bwana Shauri alirudi. Ngoma zilinyamaza kwa heshima. Akasimama kando ya kitanda, akasoma tangazo lake: kwamba kwa sababu ya hali ya uchumi baraza hili linafungwa, kwamba kesi zote sasa zitakwenda kwa liwali wa mjini, kwamba sheria za mji zimevuka kijito. Watu walisikiliza wakiwa wameshiba. Alipomaliza, alingoja Jumbe aseme neno. Jumbe alikuwa amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi, anakoroma. Alishakula sahani mbili kwa siri chini ya ile kanga.

Hakuamshwa. Aliamka jua linazama, akamwona mtani anakunja mikeka.

"Tumeshachukuliwa?" akauliza.

"Mmeshachukuliwa."

Akafikiri. "Wali umebaki?"

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuuliza, sina budi kuandika pia kilichofuata. Majani ya barabarani yalilimwa. Tarishi alirudishwa, safari hii akiwa mtu wa mji, na viatu na mshahara wa fedha. Kofia yake nyekundu ilibaki msumarini. Kesi ya paja la mbuzi wa baba ilisikilizwa upya na baba alishinda. Jumbe aliendelea kukaa kwenye kiti chake barazani kila asubuhi, na watu waliendelea kumletea ugomvi, kwa kuwa mjini ni mbali na yeye yupo. Kuna siku ninaona hatukupoteza kitu, na kuna siku nafikiri kwamba mtu anayesema hivyo hajawahi kupuliza taa pale kwenye magogo. Sijaamua.

Harusi ilifanyika Ijumaa ya wiki iliyofuata, ndogo, ya watu wa karibu. Magharibi seremala alileta baiskeli yake mbele ya mlango ili ampakie mkewe nyuma waende Keko, kwenye kitanda cha mvule. Giza lilikuwa linaingia. Tarishi alikuwepo uani, mgeni kama sisi, na sahani mkononi, lakini amevaa vile viatu vya mji. Seremala alimtazama, akatoa kiberiti, akawasha taa ya baiskeli pale pale mlangoni.

Shangazi akaja mbio akaipuliza.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Utawasha kwenye magogo, kama wenzako."

"Mama, sheria..." seremala akaanza.

"Nani kakuuliza sheria? Tarishi, umeona taa yoyote hapa?"

"Mie nakula," akasema tarishi.

Binamu yangu alikuwa ameshapanda nyuma ya baiskeli, amekusanya kanga zake, mkono mmoja kiunoni kwa mumewe. Alimtazama mama yake, kisha njia iliyokwenda kijitoni, ambayo hakuwa ameipita muda mrefu.

"Washa, mume wangu," akasema. "Mie nimekaa gizani vya kutosha. Nataka kuona ninakokwenda."

Shangazi alisimama na mashavu yamejaa upepo, tayari kupuliza tena. Akaushusha taratibu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika ile taa isitikisike, mikono ameizungusha kuzuia upepo, seremala akawasha.